Kwenda pwani na mtoto mchanga: ni uzungu?

Wadau, kimya kingi kina mshindo. Wiki mbili hizi sijaandika kitu hapa kwa sababu nyumbani kwetu Babati kuna mjadala mzito kuliko wa bungeni. Likizo inakaribia, binti yetu ana miezi 7, twende wapi? Mimi nataka bahari. Mama yake anataka bahari yenye hospitali karibu. Mama mkwe anashangaa kwa nini tusiende kijijini kama watu wengine wote. Halafu jamaa yangu mmoja wa kazini akaja kumalizia: "Kaka, kubeba kichanga kwenda kuota jua ufukweni ni uzungu mtupu."

Neno hilo limenikaa kichwani. Kazi yangu ni kuuliza maswali, basi nikajiuliza: ni kweli? Nani aliyeanza kwenda baharini kupumzika na familia, na sisi wa bara tumo katika historia hiyo au hatumo?

Tuanze na hao Wazungu wenyewe. Kwa Waingereza jambo hili halikuanza kama starehe, lilianza kama tiba. Katikati ya karne ya 18 daktari mmoja wa Lewes, Richard Russell, aliandika kitabu akidai kwamba maji ya bahari ni dawa. Watu wayaoge, na wengine wayanywe kabisa! Matajiri wakaanza kumiminika Brighton, ambako zamani kulikuwa kijiji cha wavuvi. Mwaka 1841 reli ya kutoka London ikafika hapo, na watu wa kipato cha kawaida wakaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mwaka 1871 bunge lao likapitisha sheria ya sikukuu ambazo mabenki yanafungwa, na mwaka 1938 ikaja sheria ya likizo yenye malipo. Hapo ndipo mlalahoi wa viwandani alipoweza kuwapeleka mke na watoto Blackpool bila kupoteza mshahara.

Kwa hiyo "uzungu" huo umetengenezwa na vitu vitatu: daktari, usafiri na sheria. Hata leo mzazi wa London anayechagua kati ya Brighton, Whitby na Scarborough anauliza yale yale ninayouliza mimi Babati. Ni mbali kiasi gani? Mtoto akiugua itakuwaje? Nina siku ngapi, na mfuko unasemaje?

Sasa njooni huku kwetu muone kichekesho. Wazungu hao hao walipofika Tanganyika waliikimbia bahari! Pwani kulikuwa na joto na malaria. Ronald Ross alipothibitisha mwaka 1897 huko India kwamba mbu ndiye anayebeba vijidudu vya malaria, Robert Koch naye aliichunguza malaria hapa hapa Dar es Salaam miaka hiyo hiyo. Wajerumani wakapanda milimani kupumzika Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Waingereza walipoingia wakaendeleza mtindo huo, hata Gavana akawa na nyumba yake huko juu. Ni katika miaka ya 1930 ndipo walowezi wa nyanda za juu za Kenya walipoanza kuteremka Malindi na kuifanya mji wa mapumziko wenye hoteli za ufukweni. Kwa maneno mengine, katika nchi hii Mzungu mwenye kichanga alikuwa na haraka ya kuondoka pwani, siyo kwenda.

Basi watu wa bara waliokuwa wakienda pwani na familia walikuwa nani? Walikuwa sisi, yaani babu na bibi zetu.

Karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliteremka kila mwaka na pembe za ndovu hadi Bagamoyo, wakarudi na merikani, shanga na nyaya za shaba. Wasafiri wa wakati ule waliandika kwamba kwa Wanyamwezi kijana hakuhesabika mwanamume kamili mpaka aione pwani. Na hawakwenda wanaume peke yao. Wapo waliosafiri na wake zao, na wanawake hao walipika, walibeba vyombo, na walikuwa na watoto mgongoni. Mbeleko ilifika baharini zamani sana kabla ya hoteli ya kwanza ya kitalii.

Hata upande huu wetu haukuwa gizani. Njia ya misafara kutoka Pangani ilifuata bonde la mto hadi Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, na misafara ya pwani ilifika Irangi, yaani Kondoa, majirani zetu wa kusini. Oscar Baumann aliondoka Tanga Januari 1892 na akafika Ngorongoro Machi mwaka huo huo. Miezi miwili kwa miguu, mizigo ikiwa juu ya vichwa vya wapagazi. Mimi na familia yangu tutatumia siku mbili kwa basi, tena kwa sababu tu tumeamua kulala Moshi ili mtoto asichoke.

Hapo ningeweza kufunga hoja na kumwambia yule jamaa amekosea. Lakini historia ya pwani haikubali kufungwa kirahisi hivyo.

Nilikuwa nimeipendekeza Bagamoyo. Nikamsimulia mama mtoto kwamba jina lenyewe husemekana linatokana na "bwaga moyo", mpagazi ametua mzigo, moyo umepumzika. Akaniuliza, "Na wale waliofungwa minyororo?" Nikanyamaza. Maana ipo tafsiri ya pili ya maneno hayo hayo: mateka anauacha moyo wake pale, kwa sababu ng'ambo ya maji hatarudi tena. Wanahistoria wanabishana ni ipi sahihi. Lakini katika njia ile ile walipita akina mama waliokuwa na watoto mgongoni, na hawakuwa wameomba likizo. Wamisionari na wapelelezi wa Kizungu waliacha maandishi ya kutisha kuhusu mama aliyedhoofika kiasi kwamba hawezi kubeba mzigo na mtoto pamoja, na aliyeamua kipi kitupwe hakuwa mama.

Mkataba wa Sultani Barghash wa 5 Juni 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Utumwa wenyewe Tanganyika ulifutwa kwa sheria mwaka 1922. Ni juzi tu, jamani. Wapo wazee hai leo ambao bibi zao walizaliwa kabla ya mwaka huo.

Pangani nako? Nako kulikuwa na biashara hiyo hiyo, na hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim Desemba 1889 baada ya vita vya pwani. Tanga je? Tanga ni mji wa mkonge. Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida mwaka 1893, na mashamba yale yakala nguvu za manamba kutoka Kigoma, Njombe, Tabora na kwingineko. Kuanzia 1944 shirika la waajiri, SILABU, lilikuwa likiwakusanya, wengine wakaja na wake na watoto. Nao walikuwa watu wa bara walioiona bahari, lakini wengi waliiona wakiwa wamechoka.

Ndiyo maana nadhani yule jamaa amegusa jambo kwa bahati mbaya. Kilicho kigeni kwetu siyo bahari, wala kubeba mtoto kwenda baharini. Kilicho kipya ni kwenda bila mzigo wa mtu mwingine kichwani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka kwa malipo, mama siku 84 za uzazi, na baba siku 3. Siku 3! Binti alipozaliwa zilikwisha kabla sijajifunza kumbeba vizuri. Hizi siku 7 ninazokata kwenye zile 28 kwangu ni deni ninalomlipa yeye.

Uamuzi? Tunakwenda Tanga. Bagamoyo kwa kupitia Dodoma, Morogoro na Msata ni mbali mno kwa mtoto wa umri huu. Ufukwe wa mchanga wa Pangani ni mzuri kuliko wa Tanga mjini, hilo nakubali, lakini Tanga ina hospitali ya Bombo, na mama mtoto hataki mjadala hapo. Hoja yake ni ya kisayansi: mtoto aliyezaliwa penye baridi kama kwetu hana kinga ya malaria kama mtoto wa pwani. Chandarua chenye dawa kimeshafungashwa kabla ya nguo zangu. Siku moja tutakwenda Pangani na kurudi, nikaione boma na mto.

Bagamoyo tutakwenda binti akifikia umri wa kuuliza maswali. Sitaki aione siku ambayo hawezi kuuliza.

Mama mkwe bado anatuona tuna wazimu, ila jana ameleta kanga mpya ya mbeleko. Ukiwaelewa wazee utajua maana yake.

Wadau wa Tanga, nipeni maelekezo: mahali pa kulala pa bei nafuu, penye kivuli na utulivu, ni wapi? Na wenzangu wa bara, nani kati yenu alishawahi kupelekwa pwani akiwa mtoto, na alipelekwa na nani? Nangoja kuwasikia.

Alamsiki.