Mwenda Jean Bosco na Kiswahili cha Katanga

Zamani za utawala wa Waingereza, wanaume wa Mbozi, ambamo imo Isansa, walishika njia ya Tunduma kwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mpakani mwa migodi hiyo, upande wa Kongo, ni Katanga. Huko palikuwa na Kiswahili kingine, ambacho wataalamu wa pwani hawakukijali. Wengine walikihesabu kuwa ni lugha iliyoharibika. Mwenye kutaka kukihukumu kwa haki hana budi kumsikiliza Mwenda Jean Bosco, mpiga gita na mtunzi.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930, katika ukoo wa Msiri. Jambo hili si dogo kwa mchunguzi wa lugha. Katika karne ya 19 Msiri alitoka Unyamwezini, akajenga ufalme wake Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke. Biashara yake ya pembe, shaba na watumwa ilielekea pande za mashariki pia, mpaka alipouawa na msafara wa Stairs mwezi Desemba 1891. Basi Kiswahili hakikuingia Katanga kwa makampuni ya migodi peke yake, ingawa hayo ndiyo yaliyokieneza.

Mwezi Februari 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine yake ya kunasia sauti, alimkuta Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Wimbo wa “Masanga” ukatolewa katika sahani za Gallotone, ukavuma hata Afrika Mashariki. Mwaka 1959 Mwenda alikuwa Nairobi akiimba matangazo ya dawa ya Aspro, na wapigaji wa Kenya wakayaiga mapigo yake. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Mwaka 1982 Ujerumani. Mwaka 1988 alinaswa tena sauti Cape Town. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Gita lake halikukosa mchunguzi. David Rycroft, mwalimu wa lugha za Kibantu katika London, alichapisha makala juu yake mwaka 1961 na 1962, akiandika noti kwa noti namna kidole gumba na kidole cha shahada vinavyojibizana. Ajabu kidogo kwamba mtaalamu wa lugha alivutwa na vidole kwanza!

Maneno nayo yastahili subira ile ile. Katika Kiswahili cha Katanga watu ni “bantu”, watoto ni “batoto”, mtoto mdogo ni “katoto”. “Iko” hushika mara nyingi mahali pa “ni”, na “hapana” huwa “apana”. Mwalimu wa shule ataona makosa. Lakini “ba-” na “ka-” ni viambishi vya Kibantu halisi, vilivyotoka katika lugha za wenyeji, navyo vina utaratibu wake. Hatari iko kwa mwandishi anayenakili nyimbo kutoka katika sahani: akisikia “bantu” akaandika “watu”, amefuta ushahidi, na asomaye baadaye hatajua kwamba ulikuwapo. Kati ya sahani ya 1952 na ile ya 1988 ni miaka 36, na kinywa ni kimoja. Zikinakiliwa kama zilivyoimbwa, itaonekana ni viambishi gani vilivyodumu na ni vipi vilivyoachwa.