Nsongezi, kijiji cha Kagera kilichotangulia falme

Abiria wengi wanaotoka Mbarara, wakapita Kabingo na kushuka hadi daraja la Murongo, hawana habari na Nsongezi. Wanawaza mpaka wa Uganda na Tanzania, bei ya matoke, na giza lisiwakute njiani. Wanakipita kijiji chenye historia ndefu kuliko ikulu yoyote ya Ankole.

Miaka ya 1930 E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni, alilichunguza pango la mwamba la Nsongezi pamoja na kokoto za kale za Mto Kagera. Mshahara alilipwa kwa ajili ya madini, lakini macho yake hayakuacha mawe yaliyochongwa na binadamu, na hapa aliyapata kwa wingi.

Jambo kubwa zaidi lilitoka mtoni kwenyewe. Karibu na Nsongezi kuna kisiwa kidogo, Kansyore. Susanne Chapman alichimba huko, na mwaka 1967 akachapisha habari za vigae vya vyungu vyenye nakshi za kudidimiza. Tangu hapo vyungu vya namna hiyo, hata vikifukuliwa Nyanza huko Kenya au upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, huitwa vya Kansyore. Vingine vina umri wa miaka 8,000 hivi. Waliovifinyanga walikuwa wavuvi na wawindaji, si wakulima, na chuma hawakukijua. Basi anayefundisha kwamba ufinyanzi uliletwa huku na wakulima wa Kibantu, na asome upya.

Mpaka ni wa juzi tu. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Lakini katika eneo hili mto ndio ukawa ukuta. Wanyankole na Wanyambo, wanaosikilizana lugha, wakapata mabwana wawili. Jirani hapo, Kikagati, wakoloni walichimba bati na kujenga kituo kidogo cha umeme kwenye maporomoko.

Kituo hicho kiliharibiwa katika vita vya Kagera, vilivyoanza mwaka 1978 Idi Amin, rais wa Uganda, alipodai kwamba mpaka wake ni mto hata kule unakopita ndani ya Tanzania. Februari 1979 Mbarara ikatekwa na jeshi la Tanzania. Leo Kikagati kuna mtambo mpya wa megawati 14, na umeme wake Uganda na Tanzania zinagawana nusu kwa nusu.

Nakivale, inayopokea wakimbizi tangu Wanyarwanda wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, imo katika wilaya ya Isingiro, sawa na Nsongezi. Watoto wa huko, wakiwemo wa Kikongo na Kirundi wanaozungumza Kiswahili, hukariri historia ya nchi za mbali. Walimu, wapelekeni Nsongezi. Haiko nje ya wilaya yenu.