Kitu Adimu, Mkopo Mdogo: Historia ya Bei katika Duka la Rehani

Tangu Julai 2009, televisheni ya History ya Marekani imekuwa ikirusha kipindi cha Pawn Stars, kinachopigwa picha katika duka la rehani la Gold & Silver mjini Las Vegas, ambalo Rick Harrison na baba yake Richard walilifungua mwaka 1989. Mtindo wake ni uleule. Mtu anaingia na upanga wa zamani au barua yenye sahihi ya rais wa karne iliyopita. Mtaalamu anaitwa, kitu kinageuzwageuzwa, thamani inatajwa. Kisha mwenye duka anataja nusu ya thamani hiyo, na hapo ndipo wanapoanza kuvutana. Watazamaji wengi hutoka na hukumu moja: yule muuzaji kaibiwa mchana kweupe. Lakini historia ya rehani haiungi mkono hukumu hiyo. Hata taasisi zilizoundwa kwa huruma, zisizogawana faida na mtu, zimetoa pesa pungufu ya thamani tangu zamani, na pengo hilo limekuwa pana zaidi kwa vitu visivyo vya kawaida kuliko kwa dhahabu. Chanzo chake ni swali ambalo kamera hulipita haraka: kitu kisipouzika, hasara ni ya nani?

Mwaka 1462, mjini Perugia nchini Italia, watawa Wafransisko walihimiza kuanzishwa kwa Monte di Pietà, mfuko wa kuwakopesha maskini kwa dhamana ya nguo, vyombo na mapambo yao. Siena ikafuata mwaka 1472, na mfuko wake ndio uliozaa benki inayojulikana leo kama Monte dei Paschi. Ubishi mkubwa wa wakati ule ulikuwa juu ya riba, hadi Papa Leo wa Kumi alipotoa hati mwaka 1515 kuruhusu mifuko hiyo itoze kiasi cha kugharimia uendeshaji wake. Suala la uthamini halikuwasha moto kama huo, ingawa ndilo lililoamua mwenye shida ataondoka na kiasi gani mkononi. Mkopo wa rehani hauangalii mshahara wa mkopaji wala wadhamini wake. Unakiangalia kitu kilicho mezani, basi. Mthamini akikosea kwa kuongeza, mfuko unapungua, na maskini wa kesho anarudi mikono mitupu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Paris. Mont-de-piété ya jiji hilo, iliyopata hati ya Mfalme Louis wa Kumi na Sita Desemba 1777, ilikopesha hadi sehemu nne kwa tano ya thamani ya dhahabu na fedha, lakini theluthi mbili tu kwa vitu vingine vyote. Tofauti hiyo haikutokana na dharau kwa sanaa. Dhahabu hupimwa kwa mizani na jiwe la kuchanjia, na ikishindikana kuuzwa kama bangili huyeyushwa ikauzwa kwa uzito. Kinyago, saa yenye mitambo ya ajabu au kiti cha enzi havina mlango huo wa dharura. Zaidi ya hayo, wathamini wa Paris waliwajibika wenyewe: kitu kikiuzwa mnadani chini ya makadirio yao, upungufu ulitoka mfukoni mwao. Mtu anayelipia kosa lake kwa pesa yake hukadiria chini, awe mcha Mungu au mlafi. Wateja walilalamika kwamba vitu vyao vinadunishwa, na walikuwa na haki ya kulalamika. Ila utaratibu wenyewe haukumwachia mthamini njia nyingine.

Atatokea wa kusema kwamba huku ni kumtetea mwenye nguvu. Anayekwenda kuweka bondi ana karo ya mtoto au kodi ya nyumba inayomsubiri, na mwenye duka anaijua shida hiyo kabla hajaulizwa. Hoja hii ina uzito, na waliotunga sheria waliiona. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1872 iliagiza kwamba rehani ya mkopo unaozidi shilingi 10 isipokombolewa iuzwe kwa mnada wa hadhara, wakati ya shilingi 10 au chini yake iligeuka mali ya mwenye duka moja kwa moja. Huko Paris, ziada ya mnada ilirudishwa kwa mwenye kitu. Fikihi ya Kiislamu nayo iko upande huo. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri. Deraya ilibaki mali ya aliyeiweka, na mwenye kudai alikuwa na haki ya deni lake tu. Kwa hiyo dhuluma, inapokuwepo, tuitafute baada ya makadirio: nani anachukua ziada? Makadirio ya chini yanayoambatana na ziada kurudishwa humpunguzia mkopaji pesa za leo tu. Yasipoambatana nayo, yanaweza kummeza mzima.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Kama mtaalamu ameshasema kitu kina thamani ya dola 10,000, kubahatisha kuko wapi? Kuko kwenye neno thamani lenyewe. Mtaalamu anazungumzia bei ambayo mnunuzi anayefaa atalipa, siku atakapopatikana. Dhahabu imekuwa na bei ya pamoja inayotangazwa London tangu Septemba 1919, kwa hiyo mtu na sonara wake wanabishana juu ya senti chache. Kwa kitu cha pekee, mnunuzi huyo huenda yuko nchi nyingine, au hajazaliwa. Mpaka aje, kuna ghala, bima, ukarabati, kamisheni ya mnadani, na hofu ya kwamba kitu ni feki. Ndiyo maana wauzaji wengi wa kipindi kile huanza na bei ya mnadani na kushangaa wanapotajiwa bei ya dukani. Hizo ni bei mbili halali za kitu kimoja, na kupatana ni kugawana njia iliyo kati yake. (Televisheni, kwa kuwa inahitaji mshindi, hukufanya kupatana huko kuonekane kama ngumi.)

Pwani yetu inaongeza jambo ambalo Las Vegas hugusa kwa nadra: sheria ya urithi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa mabaki ya kale, na milango na fremu za mbao zilizochongwa Afrika kabla ya 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Mlango wa nakshi wa Bagamoyo unaweza kumvutia tajiri wa ng'ambo, lakini asiyeweza kuusafirisha kihalali si mnunuzi, na bei yake haifai kuingizwa kwenye hesabu. Dalali anayemtajia mwenye nyumba bei ya Ulaya kwa mlango wa Bagamoyo anamuuzia ndoto, au anamwalika kwenye magendo.

Mwenye kitu cha babu na shida ya haraka, basi, aulize mambo mawili kabla ya kubishana juu ya kiasi: rehani itatunzwa kwa muda gani, na ikiuzwa ziada itakuwa ya nani. Crédit Municipal, mrithi wa ile Mont-de-piété, bado inakopesha chini ya thamani ya mnadani hadi leo, na sehemu kubwa ya vitu inavyopokea hukombolewa na wenyewe.