Sanduku la Joto na Mikono ya Walezi: Juu ya Tadbiri ya Hospitali na Uhai wa Watoto Njiti

Mtoto azaliwapo kabla ya kutimiza miezi yake, swali la kwanza la jamaa waliokusanyika nje ya wodi huwa aghalabu ni kama mashine ipo. Na wakijibiwa kwamba ipo nyoyo zao hutulia, kana kwamba sanduku lile la kioo na joto, ambalo siku hizi hujulikana kwa jina la inkubeta, ndilo lililoshika roho ya kiumbe yule. Wala dhana hiyo si ya raia peke yao. Wakuu wapokeao misaada, wafadhili waitoao, na waandishi wa magazeti waitwao kushuhudia makabidhiano, wote husimama mbele ya mashine na kupigwa picha nayo. Ila ratiba ya zamu ya wauguzi, iliyobandikwa ukutani hatua chache kutoka hapo, hakuna aitazamaye. Muradi wa makala haya ni kutetea rai iliyo kinyume cha dhana hiyo, nayo ni kwamba chombo hakina thamani ila ile kinayoiazima kwa utaratibu wa nyumba kilimowekwa, na kwamba uhai wa mtoto njiti hutegemea, kuliko kitu chochote kiwezacho kununuliwa mara moja, mahali alipozaliwa, idadi na ujuzi wa mikono inayomhudumia, uzito wa kazi katika saa ile aliyoingia wodini, na nafasi aliyopewa mama yake.

Jina hili la njiti, ambalo Watanzania wamempa mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba, lina taswira ya kijiti cha kiberiti, na tashbihi hiyo haikukosea, kwani naye ni mwembamba na uhai wake huzimika upesi. Katika mwaka wa 2020 watoto wa namna hii walikadiriwa kuwa milioni 13.4 duniani kote, yaani takriban mmoja katika kila watoto kumi waliozaliwa. Chini ya ngozi yake hamna akiba ya mafuta, kwa hiyo joto humtoka upesi. Mapafu yake hayajapata ule ute ambao Mary Ellen Avery alibainisha mwaka 1959 kuwa ukosefu wake ndio uyafanyao yasinyae. Ubongo wake husahau kumwamrisha kupumua. Na kwa kuwa hajui bado kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa mpango mmoja, hana budi kulishwa maziwa kwa mpira kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Ukizitazama kazi hizi moja moja, hutaona iliyo muhali. Ugumu wake ni kwamba hazina mwisho na kila moja ina wakati wake: muuguzi akichelewa kumgusa mtoto aliyesahau kupumua, kuchelewa huko hakulipiki, na akitoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa wa pili bila ya kunawa, kwa kuwa wa tatu analia na wa nne amebadilika rangi, hupeleka maradhi kwa mkono uleule uliokuja na shifaa.

Historia ya sanduku lenyewe, ikisomwa kwa utuvu, haiungi mkono daawa ya wale walifanyao kuwa ndilo mkombozi. Karibu na mwaka 1880 tabibu Stéphane Tarnier, wa hospitali ya uzazi ya Maternité jijini Paris, aliviona vyombo vya kutotolea vifaranga katika bustani ya wanyama, akaagiza atengenezewe kimoja cha kuwekea watoto. Na habari iliyoandikwa baadaye ni kwamba vifo vya watoto wenye uzito usiofika gramu 2,000 vilishuka kutoka asilimia 66 hadi asilimia 38. Hesabu hiyo ni adhimu, na walioisikia waliisifu mashine. Lakini katika hospitali ile ile mkunga mkuu, Madame Henry, aliona haja ya kuwatengea watoto dhaifu jengo lao, likafunguliwa mwaka 1893. Na Pierre Budin, aliyekabidhiwa jengo hilo mwaka 1895, hakushughulika sana na sanduku bali na desturi za nyumba: wagonjwa wakatengwa na wazima, maziwa yakapimwa, wanyonyeshaji wakasimamiwa, na kila mtoto akapimwa uzito wake. Budin ndiye pia aliyeandika, kwa masikitiko, kwamba baadhi ya akina mama ambao hawakupewa nafasi ya kuwahudumia watoto wao waliwatupa mkononi mwa hospitali, kwa kuwa mapenzi yasiyopewa kazi hupoa. Neno hili tutalirejea.

Ithibati iliyo nzito zaidi ilikuja miaka hamsini baadaye, nayo ilikuja kwa njia ya maafa. Katika miaka ya 1940 hospitali tajiri, hasa za Marekani, zilipata masanduku yasiyovuja hewa, zikawajazia watoto njiti oksijeni kwa wingi, kwa dhana kwamba kitu chenye kuokoa kikizidishwa huokoa zaidi; na katika muda wa zaidi ya mwongo mmoja watoto wapatao 10,000 walipofuka, miongoni mwao mwimbaji mashuhuri Stevie Wonder, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950. Hospitali maskini, zisizokuwa na mitambo hiyo, hazikuwapofusha watoto wao kwa kadiri ile. Utafiti uliofanywa katika hospitali 18 za Marekani ulipothibitisha mwaka 1954 kwamba sababu ni oksijeni yenyewe, mkono ukageuka ukawa wa kubana, na wako waliokufa kwa kuikosa. Bila shaka oksijeni haikuwa na hatia katika hali ya kwanza wala ya pili: ni dawa ambayo haifai kwa wingi wala kwa uchache bali kwa kadiri, na kadiri hubadilika saa kwa saa, kwa hiyo huhitaji mtu aliyeketi karibu, mwenye ujuzi wa kuitambua na wasaa wa kuirekebisha.

Tukitoka kwenye chombo tukaingia katika tadbiri ya nyumba, jambo la kwanza ni mahali. Mwaka 1976 Wamarekani walitoa mapendekezo ya kuzipanga hospitali za uzazi katika daraja tatu, ili mimba zenye hatari zielekezwe mapema kwenye hospitali ya daraja la juu. Na mapitio ya tafiti za miongo mitatu, yaliyochapishwa mwaka 2010, yakaonyesha kwamba miongoni mwa watoto wasiozidi gramu 1,500 waliokufa ni asilimia 38 kwa waliozaliwa nje ya hospitali za daraja hilo, na asilimia 23 kwa waliozaliwa ndani yake. Wala haitoshi kumpeleka mtoto huko baada ya kuzaliwa. Uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2019, juu ya watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa kabla ya wiki 28, ulidhihirisha kwamba waliohamishwa katika saa 48 za mwanzo walipatwa na madhara makubwa ya ubongo zaidi ya wale waliozaliwa mahali pafaapo wakabaki hapo hapo. Tumbo la mama ndiyo machela isiyomtikisa abiria wake. Lakini ili litumike inapasa mkunga wa zahanati aitambue hatari mapema, gari lipatikane, na hospitali ipokeayo iwe na nafasi, nayo yote ni mambo ya mpango.

Hapa mwenye haraka angeweza kuhitimisha kwamba ubora umo katika ukubwa, na kwamba dawa ni kujenga nyumba chache kubwa na kuwajaza humo watoto wote. Ni uchunguzi mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2002 juu ya watoto 13,515 katika wodi 54, unaotuzuia tusipotee. Baada ya kuzingatiwa kadiri ya ugonjwa wa kila mtoto, wodi kubwa hazikuonekana kupoteza watoto wachache kuliko ndogo. Lililoonekana ni kwamba mtoto aliyeingia wodi ikiwa imejaa pomoni alikuwa karibu na asilimia 50 zaidi katika hatari ya kufa kuliko aliyeingia ikiwa nusu tupu. Hivyo wodi ile ile, yenye mashine zile zile na madaktari wale wale, ni wodi mbili mbalimbali kwa watoto wawili waliotofautiana siku ya kuingia tu. Uchambuzi uliofuata mwaka 2007 ukaongeza kwamba pale ambapo kila mtoto mahututi alifikia kuwa na muuguzi wake mmoja aliyefuzu hasa elimu ya watoto wachanga, hatari ya kifo ilikuwa pungufu kwa asilimia 48. Nazo kanuni za Waingereza zinataka muuguzi mmoja kwa mtoto mmoja mahututi, mmoja kwa wawili walio nafuu kidogo, na mmoja kwa wanne wanaoendelea kukua. Daraja na ukubwa, basi, havigongani: daraja la juu huokoa kwa kuwa limekusanya ujuzi, na ujuzi huo huvunjika pale watoto wanapoizidi mikono.

Burhani iliyo wazi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya dawa ya kukomaza mapafu, adungwayo mama kabla ya kujifungua, ambayo Liggins na Howie wa New Zealand walieleza manufaa yake mwaka 1972. Dawa hiyo ni ya bei nafuu, na ikadhaniwa kwamba yafaa kutawanywa kila mahali. Ikatawanywa kwa majaribio katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, hadi kwa wahudumu wa ngazi za chini. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yakawashangaza wote, kwa kuwa watoto wadogo hawakunufaika, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla vilizidi badala ya kupungua. Miaka mitano baadaye dawa iyo hiyo ikajaribiwa katika hospitali 29 za nchi tano, Kenya ikiwamo tena, ambamo umri wa mimba ulithibitishwa kwa picha za ultrasaundi na watoto walipata matunzo baada ya kuzaliwa. Na vifo vikashuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Sindano ni ile ile na umbile la binadamu ni lile lile. Kilichobadilika ni nyumba.

Tukiyapeleka haya katika wodi zetu za Afrika Mashariki, ambako muuguzi mmoja kukabidhiwa watoto 15 au zaidi katika zamu moja si jambo la nadra, na ambako kazi zisizofikiwa huangukia wanafunzi na akina mama wenyewe, twaona kwamba kuongeza masanduku bila ya kuongeza watu ni kuongeza idadi ya vitanda visivyotazamwa. Fauka ya hayo, sanduku moja likilazwa watoto wawili au watatu kwa uhaba wa nafasi huwa njia ya kugawana maradhi. Na hapa ndipo maneno ya Budin yanaporejea. Huko Bogotá, mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Edgar Rey Sanabria, akiwa na watoto wengi na masanduku machache, aliwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa namna ambayo leo huitwa ya kangaruu. Kwa miaka mingi namna hiyo ilihesabiwa kuwa ya mtoto aliyekwisha kutulia. Kisha ikajaribiwa mara tu baada ya kuzaliwa katika nchi tano, Dar es Salaam ikiwa moja ya miji iliyoshiriki, na matokeo ya mwaka 2021 yakawa asilimia 12.0 ya vifo badala ya 15.7. Walioisoma habari hiyo kwa juujuu walisifu joto la kifua. Lakini kifua kile kisingalifika kwa mtoto kama wodi isingalipangwa upya, mama akawekewa kitanda kando ya mwanawe, mahali ambapo desturi ilikuwa kumzuia mlangoni na kumruhusu kwa saa maalumu.

Yako mapingamizi mawili yastahiliyo jawabu. La kwanza ni kwamba haya ni masuala ya umaskini, na asiye na fedha hana tadbiri. Umaskini ni kweli. Ila fedha hizo chache nazo hufuata mkondo, na mkondo wake hupendelea kitu kinunuliwacho mara moja, chenye kubandikwa jina la mtoaji, kuliko mshahara unaorudi kila mwisho wa mwezi na hauna ukuta wa kubandikwa jina. Muuguzi aliyekwisha kuzoea watoto njiti kisha akahamishiwa wodi ya mifupa, kwa kuwa ni zamu yake ya kuhama, ni hasara isiyoandikwa katika daftari lolote la mhasibu, na kuizuia hakugharimu shilingi. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kumtaja mama miongoni mwa walezi ni kuipa serikali udhuru wa kutoajiri. Hatari hiyo ipo. Lakini mama aliyepasuliwa jana, ambaye yeye mwenyewe ahitaji kutazamwa, si mbadala wa muuguzi. Katika majaribio yale ya kangaruu mama hakuachiwa kazi. Alitiwa ndani ya kazi, chini ya macho ya wajuzi, na joto alilolitoa liliwaachia wauguzi wasaa wa kushughulikia pumzi na damu.

Basi anayetaka kuijua hospitali, awe mkuu aliyekuja kuikagua au mfadhili aliyekuja kuisaidia, asiombe kuonyeshwa chumba cha mashine mchana, wakati kila kitu kimefutwa vumbi kwa ajili yake. Aombe daftari la zamu, alifungue popote apendapo, atafute saa nane za usiku, asome jina la aliyekuwa kazini na idadi ya watoto waliokuwa mbele yake. Kisha aulize mama zao walikuwa wamelala wapi.