Karamu ya Wana wa Cervi

Mtu asomaye historia ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia hukutana na majina ya majemadari, hesabu za vifaru na tarehe za mapigano. Ni mara chache akutane na chungu cha chakula. Walakini katika nchi ya Italia iko karamu moja ya siku za vita ambayo watu hawajaisahau mpaka leo. Haikuandaliwa na mfalme wala tajiri, bali na wakulima. Tukiifahamu karamu hiyo na mambo yaliyoifuata, tutaona kwamba kumkaribisha mtu chakula kwaweza kuwa tendo la ushujaa mkubwa.

Kaskazini mwa Italia, mto Po umetandaza uwanda mpana wenye rutuba. Mji wa Reggio Emilia umo katika uwanda huo, na mashamba yaliyouzunguka yasifika kwa ngano, kwa ng'ombe wa maziwa na kwa jibini gumu liitwalo Parmigiano Reggiano. Huko aliishi mzee Alcide Cervi na mkewe, Genoeffa Cocconi. Mungu aliwajalia mabinti wawili na wana wa kiume saba: Gelindo, Antenore, Aldo, Ferdinando, Agostino, Ovidio na Ettore. Kwa miaka mingi jamaa hii ililima ardhi ya wengine kwa desturi ya kugawana nusu kwa nusu; mkulima alitoa jasho, na mwenye ardhi akachukua nusu ya mavuno.

Mwaka wa 1934 walihamia shamba la Campi Rossi, katika wilaya ya Gattatico, wakawa wapangaji wa kulipa kodi. Ardhi ya shamba hilo haikuwa sawa. Ilijaa vilima na mabonde madogo, na maji yakituama. Wana wa Cervi waliisawazisha kwa kazi ya mikono yao, na baadaye ikawapa mavuno mema. Mwaka wa 1939 walinunua trekta. Aldo alipokwenda kulichukua, alirudi nalo nyumbani pamoja na kitu ambacho hakuna mkulima aliyekitazamia, nacho ni tufe lenye ramani ya dunia nzima. Jamaa ile ilitaka kulima vizuri, na ilitaka pia kujua dunia iliyo ng'ambo ya mpaka wa shamba lake.

Wakati huo Italia ilikuwa chini ya Benito Mussolini na chama chake cha Mafashisti, waliotawala tangu mwaka wa 1922. Wapinzani walipigwa, wakafungwa au wakahamishwa. Juni 1940 Mussolini aliiingiza nchi vitani, na haikupita muda mrefu njaa ikabisha hodi. Chakula kilianza kugawiwa kwa kipimo. Mwezi wa Oktoba 1941 mtu mmoja aliruhusiwa gramu 200 tu za mkate kwa siku, na mwezi wa Machi 1942 kipimo hicho kilipunguzwa kikawa gramu 150. Kwa mtu ashikaye jembe tangu alfajiri, hicho si chakula, ni kionjo.

Mwezi wa Julai 1943 majeshi ya Uingereza na Marekani yalitua katika kisiwa cha Sicilia. Tarehe 25 ya mwezi huo mfalme alimwondoa Mussolini madarakani na kuamuru akamatwe. Habari zilitangazwa kwa redio usiku, na watu wakatoka majumbani mwao wakikumbatiana.

Nyumbani kwa Cervi iliamuliwa kwamba furaha kubwa namna hiyo haifai kuliwa peke yake. Walikusanya unga wa ngano, wakachukua siagi na jibini, nyingine kwa mkopo, kisha wakapika tambi kwa wingi ambao kijiji hakijapata kuuona tangu vita vilipoanza. Tambi hizo hazikuungwa kwa nyanya kama wengi wetu tunavyodhani tambi zote za Waitaliano huungwa. Ziliungwa kwa siagi na jibini, yaani baraka za ng'ombe wa nchi ile. Zikatiwa katika madebe makubwa ya maziwa, zikapakiwa garini, zikapelekwa mpaka uwanja wa kijiji cha Campegine. Kila aliyekuja alipakuliwa. Hapakuulizwa kadi ya chakula wala fedha.

Husimuliwa kwamba miongoni mwa watu wale alikuwapo mtoto aliyevaa shati jeusi, vazi la Mafashisti. Watu walimtazama kwa jicho baya. Ikatambulikana kuwa mtoto yule hakuwa na shati jingine. Naye akakaribishwa, akala pamoja na wenzake. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki, tuliozoea kuzunguka sinia moja na kula kikoa, twafahamu maana ya jambo hilo. Waliokula pamoja huwa vigumu kuendelea kutazamana kama maadui.

Lakini vita havikuwa vimekwisha. Tarehe 8 Septemba 1943 ilitangazwa kwamba Italia imepatana na adui zake, na mara Wajerumani wakaiteka sehemu kubwa ya nchi. Wakati huo Italia ilikuwa na zaidi ya wafungwa wa vita 70,000, wengi wao wametekwa katika mapigano ya Afrika ya Kaskazini. Maelfu walitoka kambini wakatawanyika mashambani, hawana chakula, hawajui lugha, nao wanawindwa. Msomaji aliyepita katika barabara ya zamani ya Bonde la Ufa, karibu na Mai Mahiu, pengine ameliona kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano mwaka wa 1942. Basi, wakati Waitaliano hao wakiishi ugenini katika nchi yetu, wageni wengine walikuwa wakibisha milango ya wakulima wa Italia.

Wakulima wengi waliifungua, ijapokuwa Wajerumani walitangaza adhabu ya kifo kwa mtu atakayewaficha. Nyumba ya Cervi ikawa kimbilio. Walikula hapo Mrusi Anatoly Tarasov, watu wa Afrika Kusini na wengineo, kando ya wenyeji wao. Wakati huohuo wana wa Cervi walianza kupigana na Mafashisti kwa silaha.

Alfajiri ya tarehe 25 Novemba 1943 Mafashisti waliizingira nyumba. Risasi zilirushwa, ghala likawashwa moto, na wenye nyumba wakalazimika kujitoa. Baba na wana wote saba walikamatwa pamoja na wageni wao. Tarehe 28 Desemba, kwa kulipiza kisasi cha ofisa wa Kifashisti aliyeuawa na watu wengine, ndugu wale saba walipigwa risasi katika mji wa Reggio Emilia, pamoja na mwenzao Quarto Camurri. Mkubwa, Gelindo, alikuwa na umri wa miaka 42. Mdogo, Ettore, miaka 22.

Mzee Alcide hakujua. Mwezi wa Januari 1944 gereza lilipigwa mabomu, akapata nafasi ya kutoka, akarudi nyumbani akiulizia wanawe. Mkewe alikwisha kupata habari, lakini alimwona mumewe dhaifu, akaificha siri hiyo moyoni mwake kwa majuma kadhaa kabla ya kumwambia. Mama Genoeffa naye alifariki Novemba 1944, baada ya ghala lao kuchomwa mara ya pili. Mzee aliendelea kulima pamoja na wakwe zake wajane na wajukuu, akaishi mpaka mwaka wa 1970.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba ya Cervi mgeni alikuja, na wenyeji wakaangamia. Je, methali imesema uongo? Nadhani sivyo. Kupona kwa mtu si kwa mwili peke yake. Katika siku ambazo woga uliwafanya watu wengi wafunge milango yao, jamaa hii ilikataa kufungiwa moyo wake.

Nyumba ile sasa ni makumbusho, na trekta na tufe vimehifadhiwa humo. Kila mwaka, tarehe 25 Julai, watu hukutana hapo na katika miji mingine mingi ya Italia, wakala tambi za siagi na jibini kwa pamoja. Basi, ewe msomaji, siku utakapoketi na mgeni kwenye sinia moja, usidhani umefanya jambo dogo. Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Na kuna nyakati ambapo moyo huo ndio silaha ya kwanza ya mtu mnyonge.