Rangi ya Macho ya Babu

Mwezi Oktoba 1869, Sista Irene Fitzgibbon na wenzake wawili walihamia nyumba ya kupanga katika East 12th Street, jijini New York, wakaweka kitanda kidogo cha mtoto mchanga pale mlangoni. Hawakuhitaji kupiga mbiu. Mama alikuja gizani, akamlaza mwanawe, akaenda zake, na hakuna aliyemfuata kumuuliza jina. Kufikia mwaka mpya watoto walikuwa wamepita mia. Wengi walikutwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini kwenye nguo: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, kama amebatizwa au bado, na mara nyingi sababu ya kuachwa kwake. Umaskini. Aibu. Ugonjwa. Mume amekufa.

Vikaratasi hivyo vipo hadi leo, vimehifadhiwa na The New York Historical, iliyoitwa zamani New-York Historical Society. Kuna jambo moja linalovitenga na karatasi zote zilizokuja baada yake: mama mwenyewe ndiye aliyechagua la kusema na la kunyamazia. Miaka hamsini baadaye, mjane aliyempeleka mtoto wake akaasiliwe angeketishwa mbele ya meza, na mtu mwenye kalamu angemuuliza baba yake alikuwa na macho ya rangi gani, kaka zake walifika darasa la ngapi, na kama kwao kuna aliyewahi kushikwa na kifafa.

Mjane alikuwa ameshaingia katika habari hii kisheria kabla ya kitanda cha Sista Irene. Mei 1851, jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya kuasili watoto ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina yake katika Marekani. Sheria hiyo ilidai ridhaa ya maandishi kutoka kwa wazazi wote wawili au, mmoja akiwa amefariki, kutoka kwa yule aliyebaki. Hakimu wa mirathi alitakiwa kujiridhisha kwamba wanaomtaka mtoto wanaweza kumlisha na kumsomesha. Kuhusu ukoo wa mama, sheria haikuuliza neno. Ilichotaka kwa mjane ni sahihi yake tu.

Kiswahili, kwa bahati, kimelibeba tatizo zima ndani ya kitenzi kimoja. Kuasili mtoto ni kumfanya wa asili yako. Neno lenyewe linakiri kwamba alikuwa na asili nyingine kabla.

Katika miaka hiyo watoto wengi walioitwa mayatima hawakuwa mayatima. Madaftari ya vituo yalikuwa na safu ya “nusu yatima”, na safu hiyo ilijaa. Mchungaji Charles Loring Brace, aliyeanzisha Children's Aid Society mwaka 1853, alituma kundi lake la kwanza la watoto kwa reli mwaka uliofuata. Walishukia Dowagiac, mji mdogo wa Michigan, wakapangwa mbele ya wakulima wachague. Treni hizo ziliendelea hadi 1929. Hukadiriwa kwamba zilibeba watoto laki mbili, pengine zaidi, na wengi wao walikuwa na mzazi hai aliyebaki mjini akifua nguo za watu au kushona mashati kwa ujira wa kipande. Brace aliamini kwamba hewa ya shamba ingefuta kila kitu mtoto alichotoka nacho mtaani. Mtu mwenye imani hiyo hana haja ya kuandika habari za bibi na babu.

Serikali ya Marekani ilijua vizuri kwamba mjane anahitaji fedha, lakini ilimjali mjane wa aina moja. Sheria ya mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, ilimpa mke wa askari wa cheo cha chini aliyefia vitani dola 8 kwa mwezi. Mwaka 1866 ikaongezwa dola 2 kwa kila mtoto. Aliyefiwa na mumewe reli ikijengwa au kiwandani hakupata kitu, ila kwa huruma ya kanisa na majirani.

Tarehe 6 Desemba 1907 mgodi wa makaa ya mawe ulilipuka Monongah, West Virginia. Hesabu rasmi ilikuwa watu 362, wanaume na wavulana, wengi wao wahamiaji kutoka Italia. Asubuhi moja ikazaa wajane zaidi ya mia mbili katika mji ambao kazi yake ilikuwa moja tu, tena isiyoajiri wanawake. Hakukuwa na fidia ya lazima kisheria. Walitegemea michango.

Miezi 13 baadaye, Januari 1909, Rais Theodore Roosevelt aliwaita wajumbe wapatao 200 Ikulu ya Marekani kuzungumzia watoto wasio na matunzo. Aliyemsukuma kuuitisha mkutano huo alikuwa wakili kijana aliyechechemea, James E. West, na yeye hakuhitaji kusomewa takwimu. Baba yake alifariki karibu na wakati wa kuzaliwa kwake, mwaka 1876. Mama yake, mjane, alishikwa na kifua kikuu, akaingizwa hospitali, na mtoto wa miaka sita hivi akapelekwa kituo cha mayatima jijini Washington. Huko nyonga yake ikaliwa na kifua kikuu hichohicho, akabaki na kilema maisha yake yote. West baadaye alikuja kuwa mkuu wa chama cha skauti cha Marekani kwa zaidi ya miaka 30, na wengi wanamkumbuka kwa hilo. Lakini pengine kazi yake kubwa ilikuwa ile ya siku mbili za Januari, kwani mkutano ulimalizika kwa kutamka jambo ambalo leo linaonekana la kawaida mno: mtoto asitolewe nyumbani kwao kwa sababu ya umaskini peke yake.

Illinois ikafuata mwaka 1911 kwa sheria ya kumlipa mama abaki na watoto wake, na kufikia 1920 majimbo yapatayo 40 yalikuwa na mpango kama huo. Uliitwa pensheni ya akina mama, ingawa kwa kweli ulikuwa wa wajane: uchunguzi wa mwaka 1931 ulikuta kwamba kati ya kila familia 100 zilizolipwa, 82 zilikuwa za mjane. Uchunguzi huohuo ulikuta familia 96 kati ya 100 ni za Wazungu. Mjane mweusi wa Kusini alifiwa vilevile, ila ofisi haikumwona. Na hata aliyeonekana alipaswa kuthibitisha kwamba nyumba yake ni ya heshima. Mkaguzi alifika bila taarifa, akachungulia jikoni, akauliza nani anayelala chumba cha pili.

Hapo ndipo swali la ukoo lilipopata nguvu, na halikuletwa na watu wenye huruma. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Henry Goddard, aliyefanya kazi katika shule ya watoto wenye ulemavu wa akili kule Vineland, New Jersey, alitoa kitabu kuhusu ukoo mmoja aliouita Kallikak. Jina hilo alilitunga kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki ya uzuri na ubaya. Alidai kwamba udhaifu wa akili unashuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto kama rangi ya nywele, na tayari alikuwa amewaonya wanaotaka kuasili wajihadhari na watoto wasiojulikana wametoka wapi. Ushahidi wake ulikuja kubomolewa, na mwenyewe alirudi nyuma katika mambo mengi kabla miaka ya 1920 haijaisha. Hofu haikurudi nyuma naye. Wanandoa waliotaka mtoto walianza kuuliza kuhusu damu, na mashirika, yakitaka kuwaridhisha, yakachapisha fomu.

Fomu hizo zilifanana kutoka jimbo hadi jimbo. Taifa la asili. Dini. Kimo, rangi ya ngozi, nywele na macho. Elimu. Kazi ya baba wa mama, kazi ya mama wa mama, idadi ya ndugu, waliokufa walikufa kwa nini. Kisha orodha ya maradhi: kifua kikuu, kaswende, kifafa, wazimu, ulevi. Kwa msichana asiye na mume, nusu ya ukurasa, upande wa baba, ilibaki na maneno machache ya kubahatisha. Mjane aliweza kujaza pande zote mbili. Alikuwa na cheti cha ndoa, cheti cha kifo, mashemeji, kaburi linaloonekana. Mume aliyekufa kwa ajali ya reli alipata alama nzuri zaidi kuliko aliyekufa kwa kifua kikuu, maana ajali hairithiwi.

Kuna ukatili fulani katika hesabu hii ambao mwandishi wa fomu huenda hakuuona. Kadiri mjane alivyothibitisha kwamba anatoka katika watu wenye afya, wachapakazi, waliosoma na kuzikana kwa heshima, ndivyo mtoto wake alivyozidi kutakiwa na wengine. Ukoo mzuri haukumsaidia kubaki naye. Ulipunguza tu siku za mtoto kukaa akisubiri kuchukuliwa.

Sophie van Senden Theis ndiye aliyeamua kupima kama hofu ile ina msingi. Mwaka 1924, akifanya kazi na State Charities Aid Association ya New York, alichapisha uchunguzi wa watoto 910 waliolelewa katika familia zisizo zao, ambao sasa walikuwa watu wazima. Zaidi ya robo tatu walikuwa wanajimudu vizuri, na historia za ukoo walizoingia nazo hazikuonyesha kwa kutegemewa nani angefanikiwa na nani angeshindwa. Ungetarajia fomu zitupwe. Badala yake zilirefushwa.

Minnesota, mwaka 1917, ilikuwa jimbo la kwanza kulazimisha uchunguzi kabla ya hakimu kuidhinisha kuasiliwa, na sheria hiyohiyo ikayaficha majalada ili macho ya umma yasiyaone. Nia ilikuwa njema: mtoto asitangazwe gazetini, mama asinyooshewe kidole sokoni. Ila jalada likishafungwa, anayelijaza hana wa kumsahihisha.

Memphis ilionyesha hatari hiyo inavyofika mbali. Georgia Tann aliongoza tawi la Tennessee Children's Home Society mjini humo hadi kifo chake Septemba 1950, siku chache baada ya Gavana Gordon Browning kutangaza uchunguzi. Hukadiriwa kwamba watoto wapatao 5,000 walipitia mikononi mwake. Wengi walichukuliwa kutoka kwa akina mama maskini kwa hila au kwa nguvu, mahakama ya watoto ikimsaidia. Wateja walikuwa na fedha, akiwamo mwigizaji Joan Crawford. Tann alikuwa ameelewa biashara ya fomu kuliko yeyote. Alibadili majina na tarehe za kuzaliwa, akawapandisha vyeo wazazi wasiojua kusoma wakawa watu wa chuo kikuu. Waliotaka mtoto wa wazazi Wayahudi walipewa mtoto, na uyahudi wake uliandikwa palepale ofisini. Kwa hiyo wapo watu waliozeeka Marekani wakijivunia babu ambaye hakuwahi kuwapo.

Wakati huo mjane alikuwa ameanza kutoweka katika majalada, na sababu ni rahisi. Mwaka 1939 Bunge la Marekani lilipanua mpango wa hifadhi ya jamii, na mwaka uliofuata wajane wenye watoto wadogo wakaanza kulipwa kutokana na michango ya waume zao. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje, yaani sehemu kubwa ya watu weusi wa Kusini. Lakini kwa mke wa mfanyakazi wa kiwanda, fedha zilizokosekana Monongah sasa zilifika kwa hundi kila mwezi.

Mjane aliyeendelea kuonekana mbele ya meza ile mara nyingine alikuja na mimba ambayo tarehe zake hazikukubaliana na za kaburi. Kwa msomaji wa Mombasa au Zanzibar hesabu hiyo si ngeni. Eda ya miezi minne na siku kumi ina hekima nyingi, na moja ni kuweka wazi mimba ni ya nani. Tofauti ni kwamba katika sheria ya Kiislamu anayemlea mtoto wa mwingine hambadilishii nasaba. Marekani ilikwenda njia nyingine kabisa. Kuanzia miaka ya 1930 majimbo yalitoa cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina ya walezi, kile cha kwanza kikatiwa muhuri, na kufikia katikati ya karne majimbo mengi yalimnyima hata mwenye cheti mwenyewe. Kansas na Alaska hazikuwahi kuwafungia watu wazima.

Wa kwanza kupiga kelele kwa maandishi alikuwa Jean Paton, ofisa wa ustawi wa jamii aliyezaliwa Detroit mwaka 1908 na kuasiliwa mara mbili. Mwaka 1954 alichapisha kitabu chenye maelezo ya watu wazima 40 walioasiliwa, kila mmoja akijisemea. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 47, alikutana na mama yake mzazi. Ilichukua miongo mingine mingi kabla majimbo hayajaanza kulegea: Tennessee ilipitisha sheria ya kufungua majalada mwaka 1995, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya Tann, wapiga kura wa Oregon wakaamua vivyo hivyo mwaka 1998, New York ikasubiri hadi 15 Januari 2020.

Siku hiyo watu wa New York walianza kuomba vyeti vyao vya kwanza. Anayepata cheti hukuta jina la mama, umri wake na mahali alipokuwa akiishi. Habari za ukoo hazimo. Hizo, kama ziliwahi kuandikwa, huombwa kwa njia nyingine, na zikija huwa zimeondolewa majina: mjane, mrefu wa wastani, macho ya kahawia, baba yake fundi seremala, hakuna kifafa. Ni maombi mawili na bahasha mbili, na mtu huzifungua mezani kwake akijaribu kuzioanisha.