Zebaki, topesumu na maji machungu: Haya ndiyo madhara ya uchimbaji dhahabu Butiama, Bunda na Musoma

Ukisikia uchafuzi wa migodi, wengi mawazo yanakwenda kwenye makaa ya mawe ya Ngaka kule Ruvuma au Kiwira kule Songwe. Mkoa wa Mara hauchimbi makaa ya mawe. Hapa kwetu ni dhahabu. Lakini mambo mawili yanayofanya makaa yaogopwe, yaani maji yenye asidi na zebaki, yote yapo pia kwenye dhahabu.

Kwa mujibu wa tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotupwa angani na binadamu duniani, takribani asilimia 38. Uchomaji wa makaa ya mawe unafuata kwa asilimia 21 hivi.

Haya hapa mambo ya msingi ya kujua kama unaishi, unachimba, unavua au unakunywa maji ukanda huu.

Dhahabu inachimbwa wapi?

Butiama kuna Buhemba na Kiabakari, maeneo yaliyochimbwa tangu zama za ukoloni. Mgodi wa Buhemba ulifufuliwa miaka ya mwanzo ya 2000 na kampuni ya Meremeta, baadaye eneo likawa chini ya STAMICO. Bunda kuna Kinyambwiga, upande wa Ghuba ya Speke. Musoma Vijijini nako kuna maduara ya wachimbaji wadogo.

Maeneo haya yote yanamwaga maji upande mmoja tu: Ziwa Victoria.

1. Zebaki: sumu isiyo na harufu

Mchimbaji mdogo anasaga mawe kwenye karasha, anaosha mchanga kwenye mwalo, kisha anachanganya na zebaki. Zebaki inashikana na dhahabu, linatoka donge jeupe. Donge linachomwa, zebaki inaruka kama mvuke, dhahabu inabaki.

Shida inaanza hapo. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Anayechoma anauvuta, na aliyekaa jirani naye anauvuta. Ukichomea jikoni au chumbani, familia nzima imeingia.

Dalili zinakuja taratibu: mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau, hasira za ghafla, na figo kuharibika. Wengi hudhani ni uchovu wa kazi. Kwa mjamzito, sumu inapita hadi kwa mtoto tumboni na inaweza kuathiri ubongo wake.

2. Kutoka mwaloni hadi kwenye samaki

Zebaki inayomwagika mwaloni haiozi. Mvua inaisomba hadi mtoni na ziwani. Huko chini kwenye tope, vijidudu vinaigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine iliyo hatari zaidi, ambayo inaingia mwilini mwa viumbe na kutoka kwake ni polepole mno.

Samaki mdogo anaila kidogo, mkubwa anakula wadogo wengi. Ndiyo maana sangara mkubwa, anayekula samaki wenzake, hubeba zebaki nyingi kuliko dagaa au sato.

Dunia ilijifunza hili kwa machozi huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki ya kiwandani ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ukapewa jina la mji huo. Tanzania iliusaini mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020.

3. Maji ya asidi

Mawe mengi yenye dhahabu, kama ilivyo kwa makaa ya mawe, yana pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa. Yakiwa ardhini hayana neno. Ukiyachimbua na kuyalundika juani, yakakutana na hewa na mvua, yanatengeneza asidi. Asidi hiyo inayeyusha metali nyingine zilizo kwenye mwamba na kuzipeleka kwenye vijito.

Jicho linaweza kukusaidia: maji yenye rangi ya kutu au ya chungwa chini ya lundo la mawe ni ya kuepukwa. Hata yale meupe sana yasiyo na chura wala mdudu si ya kunywesha ng'ombe. Lundo linaweza kuendelea kutoa asidi miaka mingi baada ya mgodi kufungwa.

4. Topesumu

Mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi huacha tope ambalo lazima likae kwenye bwawa lisilovuja. Likivuja, ni balaa. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi wa North Mara, Tarime, faini ya Sh5.6 bilioni kwa uchafuzi uliohusishwa na bwawa la topesumu. Mto Tigithe wa huko unaingia Mto Mara, na Mto Mara unaingia ziwani karibu na Musoma.

5. Miti na mashimo

Maduara yanahitaji matimba ili yasiporomoke, na matimba ni miti. Eneo likiisha dhahabu, watu wanahama na mashimo yanabaki wazi. Mifugo inatumbukia, watoto pia wako hatarini, na maji yanayotuama yanazaa mbu.

Tukio la Kirumi: kwa nini vipimo ni muhimu

Machi 2022, maji ya Mto Mara eneo la daraja la Kirumi, mpakani mwa Butiama na Rorya, yaligeuka meusi na samaki wakafa. Wananchi wengi waliunyooshea mgodi kidole. Kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na kuoza kwa mimea, vilivyopunguza hewa ya oksijeni kwenye maji. Mjadala uliwaka nchi nzima.

Maji yakipimwa mara kwa mara na majibu yakabandikwa ofisi ya kijiji, ubishi kama ule unapungua. Bila rekodi za kabla ya tukio, kila upande unabaki na lake.

Sheria inasemaje?

- Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani.
- Mwenye leseni ndogo ya uchimbaji anatakiwa kuwa na mpango wa utunzaji mazingira.
- Zebaki na sayanaidi ni kemikali zinazosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayeuza lazima awe amesajiliwa.

Ufanye nini leo?

- Tumia ritoti kuchomea. Kifaa hiki kinanasa mvuke na kukurudishia sehemu kubwa ya zebaki, kwa hiyo unaokoa afya na hela.
- Usichomee ndani ya nyumba, na usitumie sufuria ya chakula.
- Mjamzito na watoto wakae mbali na karasha, mwalo na sehemu ya kuchomea. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.
- Kuchemsha maji kunaua vijidudu tu, hakuondoi zebaki wala asidi. Kijito kilicho chini ya mwalo kiache, tafuta bomba au kisima kilichopimwa.
- Usiache kula samaki, ni lishe. Dagaa na sato wadogo ni salama zaidi kwa mjamzito kuliko sangara mkubwa.
- Ukiona maji yamebadilika rangi au samaki wanakufa, piga picha yenye tarehe, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, ofisa mazingira wa halmashauri au NEMC siku hiyo hiyo.

Mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama unavuta maji ziwani na kuyapeleka hadi kwenye vijiji vya wachimbaji wenyewe. Kinachomwagwa mwaloni kinaelekea ziwa hilo hilo.